Kinubi kikilala Moshi hakikati uzi, kikilala Arusha kinakata. Sababu ni nini?

#1 Nyuzi47 (mleta mada)

Habari zenu wakuu.

Mimi ni mpiga kinubi, na ndiyo kazi inayonilisha. Sijaajiriwa popote, naitwa kazi moja moja: harusi, sendofu, chakula cha usiku hotelini, ibada za shukrani, misiba mara chache. Nakaa Moshi, Soweto, lakini kazi nyingi zenye malipo ya maana ziko Arusha. Kinubi changu ni kile kikubwa cha pedali, nyuzi 47, kilo 37, kirefu kuliko mimi mwenyewe nikisimama.

Tatizo ni hili. Kikikaa Moshi wiki nzima hakikati uzi. Nikikipeleka Arusha Ijumaa ili Jumamosi nisikimbizane na muda, usiku huohuo uzi mmoja unakatika, mara nyingine miwili. Hakuna aliyekigusa. Mara nyingine nikiwa nimelala chumba cha pili nasikia "tah!" kama mtu amevunja kijiti kikavu, najua tayari. Tangu Juni nimelala Arusha na kinubi mara tisa. Mara sita kimekata.

Safari ya mwisho imeniumiza zaidi. Usiku ulipita salama, uzi ukaja kukatika bibi harusi akiwa katikati ya ukumbi. Ulikuwa Do wa oktava ya tatu, uzi mwekundu, ambao kwa wimbo ule naupitia karibu kila mstari. Nikaukwepa, nikawa napiga Do ya chini yake, nikafika mwisho. Maharusi walinishukuru wakiwa na machozi. Ila msimamizi wa ukumbi alisikia ule mlio, na siku ya malipo wakakata laki mbili kwenye laki sita tulizokubaliana. Wakaandika kwamba chombo kilikuwa kibovu.

Chombo si kibovu. Nakitunza kuliko ninavyojitunza mimi. Naomba wenye ujuzi wanisaidie mambo mawili: kwa nini nyuzi zinakatika Arusha tu? Na je, ukumbi una haki ya kunikata?

Nawasilisha.

#2 KijanaWaKijenge

Uzi wa nyuzi. Nimekaa hapa mbele kabisa.

#3 ChaliiWaSakina

Pole dada. Jibu liko wazi, ni mwinuko. Moshi mko chini ya mita 1,000, Arusha tuko karibu 1,400. Huku hewa ni nyepesi, kwa hiyo haiusukumi uzi kama kule kwenu, uzi unajiachia na kutanuka hadi unakatika. Ndiyo maana hata pakiti ya krispi ukiipandisha milimani inavimba.

#4 MwalimuWaFizikia

Chalii, pakiti inavimba kwa sababu ndani yake kuna hewa iliyofungiwa. Uzi hauna hewa ndani. Mvuto wa uzi unategemea ulivyokazwa, urefu wake na uzito wake. Uzito wa hewa ya nje hauingii humo.

Ninachokiona mimi ni baridi. Arusha mwezi wa saba usiku jua likishazama joto linashuka haraka. Uzi ukipoa unataka kujivuta uwe mfupi. Umefungwa juu na chini, hauna pa kwenda, basi mvuto unapanda. Kama ulikuwa umebakiza kidogo kufika mwisho wake, unakatika. Na ndiyo maana unakatika usiku. Mleta mada, hebu tuambie: asubuhi ukiamka unakuta sauti zimepanda au zimeshuka?

#5 Nyuzi47

Mwalimu asante. Inategemea uzi. Kinubi hiki kina aina tatu za nyuzi. Zile 12 za chini ni za waya, za katikati ni za utumbo wa mnyama, na za juu kabisa, zile fupi, ni nailoni. Asubuhi nikiwa Arusha waya zote nazikuta zimepanda kidogo. Za utumbo hazieleweki, hii imepanda, jirani yake imeshuka. Zinazokatika ni za utumbo peke yake. Waya haijawahi kukatika hata mmoja.

#6 MamaKwaya_Kibosho

Mwanangu, utumbo kweli? Wa mnyama gani? Miaka 20 naimba kwaya sijawahi kulisikia hili.

#7 Nyuzi47

Shikamoo mama. Ng'ombe au kondoo. Unasafishwa, unasokotwa ukiwa mbichi, unakaushwa, unasuguliwa hadi uwe laini kama kioo. Ukiushika unaona rangi ya asali. Wa katikati mmoja unaweza kufika dola 20 au zaidi, na hapa nchini sijapata duka linalouza. Naagiza nje, nasubiri wiki tatu mpaka nne.

#8 ShangaziWaPwani

Hapo kwenye utumbo ndipo penye jibu. Baridi haihusiki, ni unyevu. Mimi nilijifunza kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, pale DCMA, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, Zanzibar. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na daraja lake limekalia vipande vya ngozi. Siku ya mvua ngozi inalegea, siku ya jua inakaza, unatyuni upya kila unapoketi. Utumbo ni ndugu yake ngozi. Unakunywa maji ya hewani, unavimba, ukikauka unasinyaa.

Lakini angalieni: Zanzibar kuna unyevu mwaka mzima na vyombo vyetu vinaishi. Unyevu wenyewe haukati. Kinachokata ni kuhama. Chombo kimezoea hewa ya Moshi, unakihamishia penye hewa nyingine kwa saa mbili tu, hakijapata nafasi ya kuzoea.

#9 MwalimuWaFizikia

Dada wa pwani, hoja nzuri. Ila na baridi ni kuhama vilevile. Waya zimepanda zote, na waya hainywi maji. Hilo unalielezaje?

#10 ShangaziWaPwani

Waya zimepanda, hazijakatika.

#11 FundiMbao_Majengo

Mimi ni seremala, nimefanya kazi Moshi na Arusha. Mlango nikiupima Moshi nikaenda kuufunga Njiro wakati wa masika, unavimba, haufungiki, narudi kuuranda. Sasa kinubi nacho ni mbao. Nyie mnaongelea nyuzi tu, mmesahau zimefungwa kwenye nini. Ule ubao wa mbele ukivimba unajipinda kwenda juu, shingo nayo inavutwa. Uzi hauna kosa.

Halafu nina swali ambalo mngeanza nalo. Dada, uzi unakatikia wapi? Juu kwenye vyuma, katikati, au chini kwenye fundo? Kamba ikikatika kwa fundi, kitu cha kwanza tunaangalia ncha.

#12 Nyuzi47

Fundi, mikono yako ibarikiwe. Sijawahi kuandika, ila nakumbuka. Ule wa harusini ulikatikia juu, pale unapopita kwenye ile pini kabla ya diski. Mingine miwili nadhani juu vilevile. Iliyobaki niliitupa bila kuangalia kwa sababu ilikuwa usiku na nilikuwa na kazi asubuhi.

Kwa ambao hawajaona: uzi unaanzia ndani ya kifua cha kinubi, umefungwa fundo ambalo ndani yake tunapitisha kipande kifupi cha uzi mnene ili lisichomoke. Unatokea kwenye tundu la ubao, unapanda hadi shingoni, unapita juu ya pini, halafu kati ya meno ya diski mbili ndogo, unazungushwa kwenye msumari ambao tunaukaza kwa ufunguo. Ukikanyaga pedali, diski inazunguka na meno yake yanaubana uzi, sauti inapanda nusu. Ukikanyaga tena, diski ya pili inabana, inapanda nusu nyingine.

Kuubadilisha saa tisa usiku ni hivi: tochi ya simu naishika kwa meno, mkono wa kulia naupenyeza kwenye tundu la mgongoni hadi kiwiko, naupapasa ubao kwa ndani mpaka niipate ile nafasi, naingiza uzi kutoka chini, mkono wa kushoto unausubiri juu. Kisha kukaza taratibu, robo zungusho kwa robo zungusho, huku ukisikia utumbo unalia kama mlango. Uzi mpya haukai. Unashuka kila baada ya dakika kadhaa, siku tatu nne. Kwa hiyo ukikatika usiku wa kuamkia kazi, kesho yake ile nota naivuta kabla ya kila wimbo.

#13 Kinubi_Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Nami hupiga kinubi, mikutano na harusi. Huyu fundi ameuliza swali la dhahabu. Ukikatikia juu kwenye pini au diski, chuma kina ukali au uzi umechoka hapo. Ukikatikia chini, angalia fundo na ukingo wa tundu. Ukikatikia katikati mahali pasipoguswa na kitu, uzi wenyewe ulikuwa na kasoro au umezeeka.

Maswali matatu kwako dada. Nyuzi hizo zina umri gani? Kinubi kilifanyiwa marekebisho ya diski na pedali lini? Na ukisafiri unazilegeza?

#14 Nyuzi47

Kaka asante. Nyuzi za oktava ya tatu na ya nne zina miaka mitatu na kitu. Marekebisho hayajafanyika tangu nikinunue, mkono wa pili, miaka minne sasa. Fundi wa vinubi sijampata Tanzania. Na ndiyo, kabla ya safari nashusha nyuzi zote nusu sauti ili zipumzike barabarani, nikifika nazipandisha.

#15 Kinubi_Nairobi

Hapo ndipo mimi nitaweka kidole. Usizishushe. Nyuzi zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 900. Mbao zimetulia na mzigo huo. Ukiutoa, shingo na ubao vinarudi nyuma kidogo, ukiupandisha vinajipinda tena, na unapokaza nyuzi za mwisho zile za kwanza zimeshahama. Kuna nyuzi unazipitisha kiwango bila kujua. Kinubi hulala kikiwa kimetyuniwa, pedali zote zikiwa juu ili diski zisiubane uzi.

Na miaka mitatu kwa mtu anayepiga kila wiki ni mingi. Mimi hubadilisha za katikati kabla hazijakatika, kila miaka miwili.

#16 Nyuzi47

Pedali naziacha juu siku zote, hilo nina uhakika. Kuhusu kushusha, aliyenifundisha alinifundisha hivyo, na alikuwa mtu makini sana. Sikatai ulichosema. Ila kaka, kama kushusha ndiko kunakokata, mbona nikitoka Moshi kwenda Marangu na kurudi jioni nashusha vilevile na hakikati?

#17 DerevaNoah

Naomba kutia neno mimi wa barabarani. Moshi hadi Arusha ni kilomita 80, lakini hesabu matuta. Bomang'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River. Marangu njia nyingine kabisa. Nimebeba mafriji na makochi, najua mzigo unavyorukaruka. Na jua je? Ukiondoka saa saba mchana, kioo cha nyuma cha Noah kinapiga moto mzigo njia nzima. Kikifika kinaingizwa kwenye ubaridi. Hicho si ndicho wanachosema hawa walimu? Dada, unasafiri saa ngapi?

#18 Nyuzi47

Ijumaa saa nane mchana. Kina koti lake nene lakini ni jeusi.

#19 DerevaNoah

Jeusi! Basi umekipika.

#20 DJ_Njiro

Mimi nitasema ambalo hakuna amelisema na naomba msinichukie wapiga muziki wenzangu. Ijumaa usiku kwenye kumbi huwa tunapima spika. Sabufa mbili kubwa zikipigwa besi kwenye ukumbi mtupu, vioo vinacheza. Nina ushahidi wa macho: gitaa lililoegeshwa stendini lilikuwa linalia lenyewe nikipima besi. Nyuzi zinaitikia. Kama kinubi kinalazwa ukumbini au stoo ya jirani, kinachezeshwa saa mbili nzima bila mtu kukigusa.

#21 MwalimuWaFizikia

DJ yuko sahihi kwamba nyuzi zinaitikia sauti inayolingana nazo. Ila mtetemo huo ni mdogo mno ukilinganisha na kidole cha mpigaji. Kama kidole hakiukati, besi haitaukata.

#22 DJ_Njiro

Mwalimu, siku moja njoo usimame mbele ya sabufa zangu halafu tuongee.

#23 Nyuzi47

DJ, nimeshtuka. Katika zile mara sita, mara nne kililala ukumbini kwa sababu sikutaka kukibeba mara mbili. Mara mbili kilikuwa ninapofikia, Sakina, hukohuko Arusha, kimya kabisa. Kote kimekata.

#24 MhasibuMdogo

Hamjajibu swali la pili. Ukumbi una haki ya kukata asilimia 5 kama kodi ya zuio kwa huduma, na wakupe hati yake ili uitumie TRA. Laki mbili kwenye laki sita ni theluthi. Hiyo si kodi, ni adhabu, na adhabu lazima iwe imeandikwa kwenye mkataba. Ulisaini mkataba?

#25 Nyuzi47

Tulikubaliana kwa simu na ujumbe mfupi. Ujumbe unasema: "Saa mbili za muziki, kuingia kwa maharusi na wakati wa chakula, 600,000." Basi. Nilipiga saa mbili na dakika kumi.

#26 MhasibuMdogo

Ujumbe ni ushahidi, usiufute. Waandikie barua, weka tarehe, dai salio. Na kuanzia sasa nusu ya malipo kabla hujapakia gari.

#27 MwenyekitiWaKamati

Ngoja niseme upande wa pili. Nimeongoza kamati nne za harusi. Kamati inachangisha kwa jasho, kila mtu ana ahadi yake, wengine hawamalizi. Tukilipa laki sita kwa saa mbili tunategemea hakuna hitilafu. MC akipoteza sauti tunamkata. Jenereta likizima tunamkata mwenye jenereta. Kwa nini kinubi kiwe tofauti? Dada, sisemi kwa ubaya.

#28 MamaKwaya_Kibosho

Mwenyekiti, na bibi harusi akichelewa saa tatu mpiga kinubi anaongezwa? Mbona hilo kamati hamlihesabu?

#29 MwenyekitiWaKamati

Mama, hapo umenishika.

#30 KijanaWaKijenge

Swali la dhati kabisa, si dharau. Kinanda cha umeme kina sauti ya kinubi ndani yake, namba fulani unabonyeza tu. Kilo saba, hakikati uzi, hakijui baridi wala matuta. Kwa nini usinunue hicho?

#31 Nyuzi47

Kaka, swali hilo naulizwa kila wiki na sijawahi kukasirika. Acha nikujibu vizuri.

Kinanda ukibonyeza, sauti inatoka ilivyorekodiwa. Kinubi ninakivuta kwa nyama ya kidole. Nikivuta katikati ya uzi sauti ni ya mviringo, nikishuka karibu na ubao inakuwa kavu kama ya gitaa. Natumia vidole vinne kila mkono, cha mwisho hakitumiki, hakifiki. Kila uzi ninaoupiga unaendelea kulia mpaka niuzime kwa kiganja, kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni kunyamazisha. Miguu nayo iko kazini: pedali saba, kila moja ngazi tatu, mtindo uliokamilishwa na fundi wa vinubi Érard huko Paris na London, hataza yake ni ya 1810. Watu wanaangalia mikono tu, viatu vyangu vya soli nyembamba hakuna anayeviona.

Na kinubi kimeegemea bega langu la kulia. Nikipiga besi nasikia mfupa wa bega unatetemeka. Mwaka juzi nilipiga kwenye msiba wa mtoto, Machame. Baba yake alikuja akasimama karibu, akaweka mkono kwenye nguzo ya kinubi, hakusema kitu, akakaa hivyo wimbo mzima. Alikuwa anausikia kwa mkono. Kinanda kingempa nini pale?

Kwa hiyo nitaendelea kubadilisha nyuzi.

#32 KijanaWaKijenge

Nimeelewa dada. Nimeelewa kabisa.

#33 MsomajiWaZaburi

Kinubi ni chombo cha heshima. Daudi alimpigia Sauli kinubi na roho mbaya ikamwacha, 1 Samweli 16:23. Kile cha Daudi kilikuwa kama chako, chenye pedali?

#34 MkuryaHalisi

Pedali hazikuwepo ndugu. Na wenye kusoma wanasema chombo cha Daudi kilikuwa aina ya litungu letu la Mara: mikono miwili inapanda, juu kuna mti umelazwa, nyuzi zinatoka kwenye kifua hadi kwenye ule mti. Babu yangu alikuwa nalo, nyuzi nane, za mishipa ya ng'ombe. Alikuwa analiweka karibu na moto kabla ya kupiga, siyo mbali, siyo karibu. Likiwa na baridi hapigi. Sasa ninyi mnabishana baridi au unyevu, mzee alijua moto tu, na moto unaondoa vyote viwili.

#35 MuhayaWaBukoba

Na sisi tuna nanga. Kinubi cha Kihaya.

#36 ShangaziWaPwani

Kaka, nanga si kinubi. Nyuzi zake zimelazwa juu ya mti uliochimbwa kama mtumbwi. Kwenye kinubi nyuzi zinasimama kutoka kwenye ubao. Nanga iko karibu zaidi na kanuni yangu. Heshima yake iko palepale.

#37 MuhayaWaBukoba

Kwetu tukiita kinubi kila mtu anaelewa. Tuachieni.

#38 MwanafunziMakumira

Wakuu, nami nasoma muziki Makumira, Usa River. Turudi kwenye uzi. Nawaza hivi: mwalimu anasema baridi, shangazi anasema unyevu, fundi anasema mbao, kaka wa Nairobi anasema umri na kushusha nyuzi, dereva anasema jua, DJ anasema besi. Dada anabadilisha vyote kwa siku moja! Anashusha, anasafirisha kwenye joto, anaingiza kwenye ubaridi, anapandisha. Hatutajua mpaka abadilishe kimoja kimoja. Nunua kipima unyevu, kile kidogo chenye kipima joto ndani yake. Andika kila kitu.

#39 FundiMbao_Majengo

Na aandike uzi umekatikia wapi. Usitupe tena vipande!

#40 Nyuzi47

Nimenunua kipima unyevu. Ijumaa hii nina kazi, nitaondoka saa kumi na mbili asubuhi, koti nimelifunika shuka jeupe. Nyuzi sishushi. Kaka wa Nairobi, nimekusikiliza, moyo unadunda.

#41 DerevaNoah

Safari njema. Matuta ya Kikatiti mwambie dereva apande kwa ubavu, gurudumu moja moja.

#42 Nyuzi47

Mrejesho baada ya wiki tatu.

Safari ya kwanza: asubuhi, shuka jeupe, bila kushusha. Kipimo kilisoma unyevu asilimia 58 nyumbani Moshi na 71 usiku chumbani Sakina. Uzi haukukatika. Nilifurahi nikapika wali saa sita usiku.

Safari ya pili: vilevile kila kitu, ila kililala ukumbini. Kiyoyozi kiliachwa kinawaka, kipimo kikasoma 44. Uzi haukukatika. DJ, spika zilipimwa hadi saa nne usiku.

Kuhusu ukumbi ule wa mwanzo: niliandika barua, wameipokea, hawajajibu. Ila mkataba wangu sasa una ukurasa mmoja na nusu: nusu ya malipo kabla, muda wa kusubiri unalipwa, na uzi kukatika si hitilafu ya huduma mradi muziki umeendelea. Mwenyekiti, kamati ya mwezi ujao wamesaini bila kubisha.

#43 Kinubi_Nairobi

Si nilisema? Ni kushusha.

#44 DerevaNoah

Kaka, na jua je? Ameondoka asubuhi.

#45 MwalimuWaFizikia

Mara mbili hazitoshi. Na mwezi wa nane umeshaanza kupata joto usiku.

#46 ShangaziWaPwani

58 kwenda 71, kisha 58 kwenda 44, na hakikukatika. Nakiri hapo nimeyumba kidogo. Lakini safari hii kilipata siku nzima ya kuzoea kabla ya usiku. Saa kumi na mbili asubuhi si sawa na saa nane mchana.

#47 KijanaWaKijenge

Chapisho la 47, nyuzi 47. Nimelisubiri hili tangu jana.

#48 Nyuzi47

Wakuu, niko Sakina, saa tisa kasoro usiku. Nimeondoka Moshi asubuhi, shuka jeupe, sijashusha, unyevu 63, chumba kimya. Umekatika sasa hivi. La ya oktava ya nne, uzi wa utumbo niliouweka mwezi uliopita, mpya kabisa.

Fundi, vipande vyote viwili ninavyo mkononi. Umekatikia chini, kwenye fundo. Mwanga ukitoka naweka picha.